Ule Mkojo Ulikuwa Wangu

Naitwa Shabani, fundi seremala. Karakana yangu iko Kizota, nyumbani ni Nkuhungu, na umri wangu ni wa mtu anayeamkiwa shikamoo na nusu ya mtaa. Muuguzi wa kliniki ya kisukari ameniomba niandike yaliyonipata, ili wanaume wengine wayasome pale kwenye benchi wakisubiri kuitwa. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu akasema si lazima niandike jina la ukoo, nikakosa kisingizio. Basi naandika, na mahali pa aibu sitaparuka, ingawa mkono unatamani kuparuka.

Kabla sijaugua nilikuwa mtu wa kujisifu. Si kwa mali, kwa sababu seremala ana mali gani. Nilijisifu kwa udhu. Nilikuwa natawadha adhuhuri, nasali, narudi kwenye randa, alasiri nasali kwa udhu uleule, magharibi uleule, na mara nyingi isha pia uleule. Wenzangu wanapanga foleni bombani, mimi nimeshaketi safu ya kwanza nimekunja miguu, nawatazama wakiingia na maji yakiwadondoka viwikoni. Siri yenyewe ilikuwa kubana mkojo. Choo tunachotumia karakana ni cha jirani. Kila ukienda lazima uzime mashine, uombe ufunguo, umsalimie mwenye nyumba na watu wake wote. Nikaona kubana ni uchamungu na ni kuokoa muda, vyote kwa pamoja. Nilifanya hivyo miaka mingi. Ikafika mahali kibofu kikaacha hata kuniambia kwamba kimejaa, nami nikafurahi, nikadhani mwili umetii.

Tena nilikuwa na kisukari na nilikuwa najua. Msumari ulinichoma mguuni, kidonda kikagoma kupona, wakanipima zahanati wakasema sukari iko juu, nirudi wiki inayofuata. Kidonda kikafunga, sikurudi. Niliona sukari ni ya watu wenye vitambi.

Ugonjwa ulianza kwa mkojo kukawia. Nachuchumaa, nasubiri, hautoki. Nakohoa, nabonyeza tumbo, unatoka mwembamba, unakatika, unaanza tena. Nikiinuka nikapiga hatua tatu, matone yanashuka pajani. Sisi tumefundishwa tangu madrasa kwamba mwanaume akimaliza haja ndogo asikurupuke. Asubiri, akohoe, atembee kidogo mpaka awe na hakika matone yamekwisha, ndipo atawadhe. Kwa hiyo sikuuona ugonjwa. Nilijiona mzembe wa kujisafisha, nikaongeza kusubiri. Nikawa nakaa chooni mpaka mke wangu anagonga mlango. "Baba Zuhura, umelala humo?"

Baadaye nikawa naenda kila baada ya nusu saa, na kila nikienda natoa kijiko kimoja. Usiku ndiyo usiseme. Nikajiambia mkojo umezidi, na mkojo uliozidi unapunguzwa kwa kuacha maji. Nikaacha maji Dodoma hii, mwezi wa Oktoba, upepo wa vumbi unakukausha mpaka kope. Midomo ikapasuka. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi na harufu yake ikawa kali, na bado ulivuja. Nikiinua ubao unavuja, nikipiga chafya unavuja. Nilianza kuvaa bukta mbili na kitambaa katikati, nikahama chumba, nikamwambia mke wangu kwamba joto limenizidi.

Mwenzangu wa karakana anaitwa Ndahani, Mgogo wa Mkonze, Mkristo, mtu ambaye neno likimfika mdomoni halizunguki. Siku moja akasimama katikati ya maranda, akavuta pua.

"Kaka, huku kwako kunanuka mkojo. Kuna paka?"

"Kuna paka," nikasema.

Kesho yake akaja na mtego. Aliutega chini ya meza yangu, akauwekea dagaa, na kila asubuhi alikuwa anauinamia kuangalia kama paka ameingia. Mimi nilikuwa namtazama tu.

Nikaenda kwa sheikh wetu. Hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipojimaliza. Nilimwambia, "Sheikh, kuna mtu mmoja ameniuliza swali likanishinda. Akishatawadha anahisi kama tone limemtoka. Afanyeje?"

"Anahisi, au anaona?" sheikh akauliza.

"Anahisi."

"Basi huo ni wasiwasi. Mwambie akimaliza kutawadha anyunyize maji kidogo kwenye nguo yake ya ndani. Akihisi unyevu, aseme ni yale maji, asali."

Sheikh alinijibu sawasawa kile nilichomuuliza. Mimi nikalichukua jibu lake nikaligeuza pazia. Tangu siku ile sikunyunyiza, nililowesha. Nilijimwagia maji kuanzia kitovuni, ili mtu akiona kanzu imelowa mbele aseme fundi Shabani ametawadha. Hata karakana nilikuwa na chupa, najimwagia kwenye suruali, nasema jua kali leo. Nilikuwa sinywi maji, lakini nguo zangu zilikuwa zinakunywa.

Kisha mama yake sheikh akaugua huko Kondoa. Sheikh akaenda kumuuguza, akakaa miezi, na kabla ya kuondoka akaniambia nisalishe badala yake. Ningeweza kusema siwezi. Lakini angeuliza kwa nini, na mimi ndiye yule wa udhu mmoja kutwa nzima. Nikakubali. Nikasimama mbele ya watu wazima na heshima zao, najua hali yangu, nikasalisha. Mkojo ulikuwa unatoka zaidi kwenye sijida, tumbo linapojikunja. Nilikuwa nausikia kabisa, wa moto, unapita kwenye kitambaa na kufika kwenye zulia. Nikiinuka nasema Allahu Akbar kwa sauti, na watu wananifuata.

Baada ya wiki chache harufu ikaganda pale mbele. Nyuma yangu, kwenye kiti kwa sababu ya magoti, alikuwa anasali Mzee Athumani. Huyu alikuwa mtumishi wa reli, amestaafu zamani, mjane, anaishi na mkwewe, mke wa mwanawe. Babu zake na babu zangu walifika hapa na misafara ya zamani, basi alinifanya mjukuu wa kutania. Nilimuuzia kitanda kikawa kinalia, tangu hapo akawa ananiita fundi wa vitanda vyenye maneno. Na alikuwa mtu safi. Kanzu yake aliipiga pasi ya mkaa mwenyewe, hakumruhusu mtu kuigusa.

Kamati ya msikiti ikakaa, watu watatu na mimi. Mmoja akasema, "Sipendi kusema, lakini itakuwa Mzee Athumani. Umri ule." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Kisha wakanigeukia mimi, imamu.

Nikasema, "Inawezekana."

Nimelirudia neno hilo moyoni mara nyingi kuliko dua yoyote niliyofundishwa. Wakaamua mzee aambiwe asali nyumbani kwa muda, na aambiwe kwa heshima. Kwa heshima maana yake niende mimi.

Nilimkuta barazani kwake. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Umekuja kukinyamazisha kitanda changu?"

Sikucheka. Nikamwambia kwamba kamati imeonelea, kwa hali ya umri, apumzike kidogo kuja msikitini. Kwamba kuna harufu pale mbele.

"Harufu gani?"

"Ya mkojo, mzee."

Akaitazama kanzu yake mapajani, akaivuta kidogo, akaiachia. "Pale ninapokaa?"

"Pale pale mbele."

Kisha akanipa mkono. "Mmefanya vizuri kuniambia uso kwa uso. Wengine wangenicheka pembeni. Ahsante, mwanangu."

Hakuniita fundi, wala hakunitania. Aliniita mwanangu. Nikatoka pale bukta imelowa.

Kiti chake kikaondolewa, zulia likafuliwa na kuanikwa. Mimi nikajishonea mswala wenye nailoni chini, nikawa nautandika mbele kila sala, na harufu ikakoma. Wajumbe wa kamati wakasema, mmeona, alikuwa yule mzee. Uongo wangu ukapata ushahidi.

Sikukaa na uongo huo sana. Siku moja, saa nne asubuhi, nilikuwa napiga randa fremu ya mlango, nikasikia tumbo la chini limekuwa gumu kama ubao. Tangu alfajiri mkojo haukuwa umetoka hata tone. Nikatapika. Nikaanza kutetemeka kwa homa kwenye jua lile. Ndahani akanilaza juu ya maranda, akanifungua mkanda ili nipumue, akaziona bukta mbili na kitambaa. Akatazama ule mtego chini ya meza, akanitazama mimi.

"Kumbe paka ni wewe, kaka," akasema. Hakucheka. Alivua koti lake la kazi akanifunika kiunoni, akaita bajaji.

Daktari aliyenipokea hospitali alikuwa binti wa umri wa Zuhura wangu. Nilipoona anavaa glavu nilitamani kushuka kitandani. Alinigusa tumbo, lilikuwa limevimba mpaka kitovuni kama la mjamzito. Akaniingiza mpira kwenye uume. Sitawadanganya, unachoma. Lakini ulipofika, mkojo ulitoka wenyewe bila mimi kusukuma, mweusi na mzito. Mfuko ukajaa, muuguzi akamwaga, ukaanza kujaa tena. Nililia, na sikulia kwa maumivu. Nililia kwa kupumua.

"Mzee, ulikuwa unakojoa mara ngapi kwa siku?" daktari akauliza.

"Mara nyingi sana, daktari. Mkojo wangu umezidi."

Akauinua ule mfuko. "Huu wote ulikuwa humo. Hukuwa unakojoa, mzee. Ulikuwa unafurika."

Nilimwambia siku zote nilidhani mimi ni mtu wa mkojo mwingi. Akatikisa kichwa. Akanipima tezi dume kwa kidole, huku nyuma, nikiwa nimegeukia ukuta nasoma shahada. Tezi haikuwa na shida. Siku zilizofuata nikapimwa damu, nikapigwa picha ya figo, na mtaalamu mwingine akakipima kibofu nguvu zake. Wakanieleza kwa lugha ninayoielewa. Kibofu ni msuli. Sukari niliyoiacha bila dawa imeharibu mishipa ya fahamu inayokiamuru kusukuma, na kubana kwangu kwa miaka yote ile kumekivuta kama lastiki ya bukta iliyofuliwa sana. Kikijaa hakijui, na kikijua hakina nguvu. Kile kinachovuja ni kile kilichokosa nafasi. Mkojo uliolala humo umeoza, ndiyo homa ile, na figo zimeanza kuumia.

"Umewahi," daktari akasema. "Ungeendelea hivi, mwakani tungekuwa tunaongea habari nyingine."

Mke wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Walipotoka alikaa, akavuta mtandio. "Mimi nilidhani una mwanamke," akasema. "Umehama chumba, hunigusi, nguo zako unafua mwenyewe. Nimekaa miezi minane namtafuta huyo mwanamke."

"Nilihama kwa sababu ya shuka, Mama Zuhura."

"Shuka? Nimefua nepi za watoto wanne, zako ndiyo zingenishinda?" Kisha akalia, nami nikamwonea haya kuliko nilivyomwonea haya daktari.

Kwa wiki kadhaa niliishi na mpira na mfuko. Ulipotolewa, muuguzi mmoja mwanaume akanifundisha kujitoa mkojo mwenyewe. Unanawa mikono kwa sabuni, unajisafisha, unaupaka mpira mwembamba jeli, unainua uume, unausukuma mpira ndani taratibu huku unapumua. Ukigota usilazimishe, subiri. Mkojo ukianza kutoka unauacha mpaka ukauke, ndipo unautoa mpira. Mikono hii inachonga ungio la mbao lisilopitisha hata wembe, lakini siku ile ilitetemeka mpaka mpira ukaanguka. Muuguzi akachukua mwingine, akasema, "Tuanze tena, mzee wangu." Tulianza tena siku tatu mfululizo. Siku ya nne nikaweza, nikajihisi kama mtoto aliyevaa kaptula mwenyewe.

Nilifanya hivyo mara tano kwa siku. Kuvuja kulikoma ndani ya mwezi. Ninameza dawa za sukari bila kukosa, ugali nimepunguza, mlenda nimeongeza, maji nakunywa. Figo zimerudi vizuri. Kibofu nacho kimepata nguvu kiasi, sasa mpira ni asubuhi na jioni tu. Katikati naenda chooni kwa saa, nihisi nisihisi, na nikimaliza nasubiri kidogo najaribu tena. Simu inalia kila baada ya saa tatu. Ndahani akiisikia anapaza sauti toka upande wa pili, "Fundi, kengele," na wateja wanadhani ni chai.

Sheikh aliporudi nilimfuata nyumbani kwake. Nikamweleza yote, bila kujificha nyuma ya yule mtu mmoja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Uliniuliza habari za mtu mwenye shaka," akasema. "Wewe hukuwa na shaka." Nikainamisha kichwa. "Mambo ya sala, zako na za watu, niachie, nitakuelekeza. Mgonjwa ana nafasi kubwa kwenye dini, akisema kwamba anaumwa. Lakini la Mzee Athumani siwezi kukusaidia. Nenda."

Ilinichukua siku tisa kwenda.

Nilimkuta ndani, hakuwa anakaa barazani tena. Alikuwa amekonda. Nilipiga magoti sakafuni, nikasema, "Mzee, ile harufu ya msikitini haikuwa yako. Ule mkojo ulikuwa wangu. Nilijua tangu siku ile nilipokuja hapa."

Nilitegemea anitukane. Aliuliza, "Una hakika?"

"Nina hakika, mzee."

"Maana mimi niliamini ni mimi." Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, kama anaisemesha mikono yake. "Nilijiuliza, sasa mbona sihisi? Nikasema ndiyo uzee wenyewe, huwezi kuhisi. Tangu ulipotoka hapa ninajinusa. Nikiinuka kwenye kiti nakigusa kama kimelowa. Chai nimeacha. Harusi ya mjukuu wangu sikwenda, nikasema naumwa miguu. Usiku nalalia nailoni."

Akamwita mkwewe, yule mama akaja mlangoni anafuta mikono.

"Mama, ile nailoni ya kitandani. Kuna siku umewahi kuikuta imelowa?"

"Hapana, baba. Nimekwambia mara ngapi?"

"Katoe," mzee akasema.

Yule mama akaenda. Tulikaa tukisikia nailoni ikikunjwa chumba cha pili. Kisha mzee akanigeukia. "Umeniambia mimi peke yangu. Mimi nilitolewa watu wakijua. Utakwenda kuwaambia watu."

Nikaenda. Ilikuwa baada ya alasiri, sheikh akanipa nafasi, nikasimama palepale nilipokuwa nasalishia. Mzee Athumani alikuwa kwenye kiti chake, kimerudishwa. Nilisema nimeumwa kibofu, nikasema nilikuwa navuja, nikasema ule mkojo ulikuwa wangu na mzee alisingiziwa. Wale watatu wa kamati walitazama zulia. Nilipomaliza nikataka kukimbilia viatu vyangu, lakini mlangoni wanaume wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walinivuta pembeni na kuniuliza ile hospitali unaingilia mlango gani.

Namshukuru Mungu kwa uhai huu. Namshukuru yule binti daktari, namshukuru muuguzi aliyesema tuanze tena, Ndahani kwa koti lake, na Mama Zuhura ambaye amenirudisha chumbani. Ndugu yangu unayesoma hapa kwenye benchi, kama mkojo unakawia, kama unakatikakatika, kama unaenda kila saa na humalizi, kama unavuja, usijifanye daktari. Usiache maji. Usibane kwa ajili ya kazi wala kwa ajili ya kusifiwa. Kama una sukari, itibu hata kidonda kikipona. Na ukifika mbele ya daktari usimletee habari za rafiki yako. Sema ni mimi, nimelowa, nisaidie. Utaona haya kwa dakika mbili, basi.

Mkojo nimeshaacha kuuonea haya, ndiyo maana nimeweza kuandika. Mzee Athumani amenisamehe, ananitania kama zamani, na kitanda nimemtengenezea kipya. Lakini mazoea hayajamtoka. Kila anapofika msikitini, kabla hajaketi, anavuta kanzu yake kidogo na kuinusa, halafu ndipo anakaa. Mimi nikiwa safu ileile namwona, na ninatazama chini.